Mtu Mzima na Lugha ya Kigeni

Chwaka iko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Maji yanapojaa na vyombo kurudi, samaki hunadiwa ufukweni, na mnadi huzitaja bei kwa Kiswahili ambacho kila aliyesimama pale hukifahamu. Mimi ni mtoto wa pwani hiyo. Shuleni nilifundishwa Kiingereza hadi sekondari; kisha nikaingia kazini, nikashika utunzi wa mashairi, na Kiingereza kikaniponyoka. Nimekirudia nikiwa nimekwisha pita miaka hamsini.

Kilichonielemea hakikuwa msamiati, bali haya. Mwalimu wangu alikuwa rika la binti yangu. Aliniamkia, "Shikamoo, mzee," nami nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Haukupita muda akanisahihisha mbele ya darasa zima. Mtu aliyezoea kuwapimia wenzake vina na mizani si rahisi kukubali kuambiwa kwamba amekosea neno la mtoto. Usiku ule nilikata shauri kwamba sitarudi. Kilichonirudisha ni kukumbuka historia ya kisiwa chetu.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Utotoni alijifunza kuandika kwa siri, kwani wasichana wa zama zake walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka uliofuata akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akahamia Hamburg. Kijerumani hakukijua. Mwaka 1870 mumewe alifariki, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Kwake yeye lugha ile haikuwa pambo. Ilikuwa njia ya kuishi na kulea. Mwaka 1886, miaka 20 baada ya kuondoka kwao, kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa kwa Kijerumani. Humo aliwaeleza wageni habari za Unguja kwa lugha yao wenyewe. Hivyo lugha ya kigeni haikumsahaulisha kwao. Ilimpa uwezo wa kukusimulia.

Wapo pia waliokuja kwetu. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliwasili Unguja mwaka 1864 akiwa na umri wa miaka 36. Krapf alikuwa amekwisha kutoa sarufi mwaka 1850, lakini yeye aliishi na kusomea Mombasa. Kiunguja ilimlazimu Steere akipokee vinywani mwa wenyewe, awaulize na kusahihishwa nao. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kufundishia lugha hii kama ilivyosemwa Unguja, na kingine cha hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa. Msomi huyo, mwenye shahada za chuo kikuu, alikaa kama mwanafunzi mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa na cheti chochote.

Na katika zama zetu, mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 ikaanzishwa mjini Unguja Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Jina lake lenyewe ni fundisho: Kiswahili kimetangulia, lugha za kigeni zikafuata. Mwenye msingi katika lugha yake haogopi kujifunza ya mwenziwe.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mtu mzima akiingia darasani mwenu, msahihisheni bila ya kumfedhehesha, wala msimwachie kosa kwa kuogopa mvi zake. Nanyi wanafunzi, msimcheke anayetatarika. Huenda nanyi mkaiacha lugha mnayofundishwa leo, na siku moja mkahitaji kuirudia.

Mimi nilirudi darasani wiki iliyofuata. Yule mwalimu aliniamkia kama kawaida, kisha akanisahihisha neno lile lile.