Kuupanda Mlima wa Thawr



Anayetoka Makka kwenda Madina huelekea kaskazini. Mlima wa Thawr uko kusini ya Msikiti Mtakatifu, masafa ya takriban kilomita 4, upande wa Yemen. Wengi wanaosimulia Hijra (mwaka 622 Miladia) hulipita jambo hili, nalo ndilo ufunguo wa kisa chote. Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar (R.A.) waliipa mgongo Madina, wakapanda jabali ambalo kilele chake ni kiasi cha mita 750 kutoka usawa wa bahari, wakakaa pangoni masiku matatu.

Mlima wenyewe ni mawe na miamba. Mtu mwenye nguvu huupanda kwa saa moja na nusu au zaidi, jua likimpiga mgongoni. Sasa tuzingatie ni nani waliokuwa wakiupanda na kuushuka. Tunapata katika Sahihi ya Bukhari, kwa mapokezi ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba Abdullah bin Abubakar, kijana mwerevu, alikuwa akilala nao pangoni na kushuka kabla ya alfajiri, ili Makureshi wamwone asubuhi kama aliyelala mjini, usiku akiwarudia na habari za njama zao. Amir bin Fuhayra akiwapelekea wanyama wa maziwa giza likishaingia. Ibn Is-haq anaongeza kuwa wanyama hao walifuta nyayo za Abdullah, na kwamba Bibi Asmaa (R.A.) alikuwa akiwapelekea chakula jioni. Mama huyo, kwa kauli yake mwenyewe katika Bukhari, alihama Makka akiwa na mimba iliyokaribia kutimia, akajifungulia Quba!

Kiongozi wa njia naye alikuwa mtu wa Bani Dil aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimwamini, wakampa ngamia wawili, wakaagana naye wakutane pangoni baada ya masiku matatu. Imam Bukhari aliitia hadithi hii katika mlango wa ijara, kuonyesha kuajiriwa mushriki inapobidi.

Ama buibui na njiwa, ambao watoto wetu wa madrasa huwajua kuliko wanavyomjua Amir bin Fuhayra, wanavyuoni wamekhitalifiana. Ibn Kathir aliiona isnadi ya buibui kuwa ni hasan, wengine wakaidhoofisha. Ya njiwa ni dhaifu zaidi. Aya ya 40 ya Sura Tawba inataja utulivu na majeshi yasiyoonekana, na utando wa buibui ni kitu cha kuonekana.

Watu wa baadaye walizidisha mengine. Ibn Jubayr, aliyefika Makka mwaka 1183, alikuta watu wakidai kuwa asiyeweza kupenya katika mwanya mwembamba wa pango ni mwana wa haramu. Maskini mwenye kitambi hakuwa na la kujitetea! Ibn Battuta, karne ya 8 Hijria, anawataja wawili waliopanda bila ya kiongozi, wakapotea katika joto kali mpaka maji yakawaishia.

Je, ni sunna kupanda? Imam Nawawi, katika kitabu chake cha Al-Idhah, ameyahesabu mapango ya Hira na Thawr katika sehemu zinazopendeza kuzuriwa. Ibn Taymiyya amekanusha, kwa hoja kuwa Masahaba hawakuwa wakiyaendea kwa ibada. Sisi wa madhehebu ya Shafi hatuoni haja ya kumtukana anayepanda kwa kuzingatia. Lakini lau Nawawi angemwona mtu akijipangusa kwenye mwamba au akiandika jina lake juu yake, hatudhani angemwachia.

Tena kuna suala la nafsi. Katika Hija ya Juni 2024, joto likipita nyuzi 50, Saudia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301. Hao hawakufia Thawr, bali joto ni hilo hilo, na kupanda si nguzo wala wajibu wa Hija. Mzee, mgonjwa wa moyo au wa sukari, tukiulizwa, tunamwambia asipande. Mwenye afya naye aanze baada ya Sala ya Alfajiri, na maji yake mkononi.