Saisi, Siasa na Farasi wa Ufuoni

Kabla halijaja kumaanisha mikutano ya hadhara na fulana za bure, neno siasa lilikuwa na harufu ya zizi. Katika Kiarabu linatokana na mzizi mmoja na neno la mtu anayemtunza na kumfunza farasi. Kiswahili kikayachukua yote mawili: siasa na saisi. Na wazee wa Pwani waliposema "nenda naye kwa siasa", hawakuwa wakizungumzia kura. Walimaanisha nenda naye taratibu, kwa upole na akili, usimvute kwa nguvu.

Maana hiyo ya zamani ndiyo kiini cha dresaji. Jina ni la Kifaransa, na linahusu kumfunza mnyama. Farasi anafundishwa kwenda, kugeuka, kusimama na kubadilisha mwendo kwa ishara ndogo sana ambazo mtazamaji hazioni: uzito wa mwili ukihama kidogo, mguu ukigusa ubavu, vidole vikikaza hatamu kisha vikalegea. Uwanja wake ni mstatili wa mita 20 kwa 40, au 20 kwa 60, wenye herufi pembeni. Mgiriki Xenophon aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba farasi aliyelazimishwa hawezi kupendeza. Waarabu nao walikuwa na elimu yao ya farasi, furusiyya, wakaiandikia vitabu.

Siku hizi elimu hii inafundishwa kwa simu. Simu inasimamishwa pembeni mwa uwanja, mpandaji anavaa spika ndogo sikioni, na mwalimu aliye nchi nyingine anamtazama na kumrekebisha hapo kwa hapo. Njia hii ilishika kasi mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka. Mashindano mengine nayo yakawa ya kutuma video, jaji akatoa alama akiwa nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu wa Kisauni au Likoni anaweza, kinadharia, kufundishwa na mwalimu aliye Ujerumani. Lakini nani hasa? Historia ya farasi Pwani ina jibu lake, na si jibu la kufurahisha.

Farasi hapa ni mgeni wa bahari. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari ile aliona wapanda farasi wawili ufuoni wakicheza kama wanaopigana. Wawili tu, katika mji mzima uliojitokeza kutazama. Ukivuka ukanda wa pwani, kuna mbung'o, na mbung'o hubeba ugonjwa wa nagana unaomaliza farasi. Usubi nao hueneza tauni ya farasi. Huku kwetu, kuwa na farasi kulikuwa na maana ya kuwa na uwezo wa kuagiza mwingine huyu akifa.

Na farasi akifa, kuna mtu wa kulipia. Mnamo 1571 na 1572, jeshi la Mreno Francisco Barreto lilipiga kambi Sena, kwenye mto Zambezi. Farasi wakaanza kufa, na askari pia. Wareno hawakujua habari za mbung'o. Waliamua kwamba Waislamu wa pale, watu wa biashara ya Waswahili, wamewatilia sumu, wakawaua kikatili. Ingepita zaidi ya miaka 300 kabla David Bruce, huko Zululand, hajaonyesha kwamba nagana huletwa na mbung'o.

Sasa tazama Zanzibar. Sayyida Salme, binti wa Sultan Seyyid Said, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza jinsi watoto wa kasri la Mtoni walivyofundishwa kupanda wangali wadogo. Wavulana baadaye walipata farasi, wasichana wakapata punda weupe wa Maskati. Walimu walikuwa matowashi wa kasri, yaani watumwa. Hebu tulia hapo kidogo. Anayejua kazi hana farasi, hana hata nafsi yake. Anayefundishwa ndiye atakayeitwa mpanda farasi.

Waingereza walipokuja hawakuugeuza mpangilio huo. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikavuka Makupa kuingia Changamwe na kuelekea Taru. Wanyama wengi walioletwa kubeba mizigo ya ujenzi walikufa kwa mbung'o. Vita vya 1914 vikarudia somo lile lile kwa ukubwa zaidi: mnyama akifa, binadamu anabeba. Ndiyo asili ya jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Juu kwenye baridi, ambako farasi huishi vizuri zaidi, walowezi walijenga viwanja vya mbio na vilabu vya polo. Waafrika walikuwamo humo kila siku, alfajiri hadi usiku, wakilisha, wakipiga brashi, wakiwatembeza farasi wapoe. Jina lao lilikuwa lile lile, saisi.

Usidhani ni ubaguzi wa Afrika tu. Kwenye Olimpiki za London, 1948, timu ya Sweden ilishinda dhahabu ya dresaji. Mwaka uliofuata ilinyang'anywa. Kosa? Mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyepandishwa cheo kwa ajili ya mashindano tu, na sheria ilidai maofisa. Farasi alikuwa yule yule, na alama zilikuwa zile zile, ila mpandaji hakuwa wa tabaka linalotakiwa. Sheria ilibadilishwa kabla ya michezo ya Helsinki, 1952. Persson akarudi, Sweden ikashinda tena. Mwaka huo huo Lis Hartel wa Denmark, mwanamke aliyepooza miguu chini ya magoti kwa polio, alichukua fedha. Mlango ulifunguka kidogo tu, na tazama walioingia.

Turudi ufuoni. Ukishuka Jomo Kenyatta Beach, upande wa Bamburi, siku ya Idi au Disemba, utawakuta vijana wenye farasi na ngamia: picha moja, mzunguko mfupi, mteja mwingine. Kijana wa namna hii anajua mambo ambayo mwalimu wa Ulaya hawezi kuyaona kwenye kioo. Anajua mchanga upi umeshiba maji ukawa mgumu kwa kwato, na upi ni mlaini mno unaochosha mishipa ya mguu. Anajua saa ya kumtoa farasi juani. Maji yakipwa, anaweza kuchora mstatili wa mita 20 kwa 40 kwa kijiti, akaandika herufi zake, akafanya mazoezi hadi bahari irudi kuufuta.

Mtandao upo. Mwaka 2009 mkebo wa TEAMS ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, karibu kilomita 5,000. Ghuba ni kule kule farasi wengi wa Pwani walikotoka kwa jahazi. Zamani farasi alisafiri, akafika, akafa. Leo, kwa sababu ya tauni ya farasi, ni vigumu sana kumpeleka farasi wa Kenya Ulaya kushindana, ila picha yake inafika kwa nukta moja.

Kikwazo kilichobaki ni kile cha Mtoni. Farasi ni wa nani? Saa moja ya somo ni saa moja bila mteja, na bando na ada ya mwalimu vinatoka mfukoni. Mwenye farasi atauliza faida iko wapi. Jibu lipo, na halihitaji medali: farasi anayebeba watoto kutwa nzima, akisimamishwa kwa uzito wa mwili badala ya kuvutwa mdomo, anachoka kidogo, anaumia kidogo, na anadumu. Hiyo ni hesabu ya biashara, na ndiyo siasa ya wazee.

Hatari ninayoiona ni nyingine. Masomo haya yakizoeleka, itakuwa rahisi sana mtoto wa mwenye farasi akae kwenye tandiko na saisi apewe simu ashike. Atasimama juani, mkono umenyooka, akirekodi mwili wa mtu mwingine ukijifunza kazi anayoijua yeye. Kwa hiyo ukikutana na video ya somo kama hilo kutoka fukwe zetu, usimtazame farasi tu. Uliza nani kashika simu, halafu uliza zamu yake ya kupanda ni lini.