Katuni, kibonzo na hadithi ya picha: istilahi na matumizi

katuni nm. [i-/zi-], kibonzo nm. [ki-/vi-]

Katuni ni neno lililobebeshwa mengi. Mchoro mmoja wa kumkejeli mwanasiasa gazetini ni katuni. Picha chache za kisa kifupi, kama za Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, ni katuni. Filamu ya michoro wanayotazama watoto nayo ni katuni. Kibonzo hakiondoi utata, maana filamu za vibonzo nazo zipo. Kwa visa virefu, kama vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika jarida la Sani, ni afadhali kusema hadithi ya picha. Kitabu kizima ni riwaya ya picha.

Picha moja iliyozungushiwa mstari ni fremu. Maneno ya mhusika hukaa katika kiputo, ambacho mkia wake huelekea kwa msemaji. Mkia ukiwa wa viduara, mhusika anawaza. Maneno ya msimulizi ni maelezo. Nafasi tupu kati ya fremu mbili ni mwanya, na hapo ndipo mfasiri hujikwaa.

Mfano wa kubuni: ukurasa wa fremu tatu kuhusu kivuko cha Kamanga, kinachovusha watu na magari katika Ghuba ya Mwanza, kati ya jiji na upande wa Sengerema. Fremu ya kwanza, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani anakimbilia gati. Ya pili, kivuko kimekwisha kung'oka, povu nyuma yake. Ya tatu, mkungu unaelea ziwani na mama ameweka mikono kichwani. Hakuna fremu inayoonyesha mkungu ukianguka. Msomaji ndiye anayeuangusha, mwanyani. Maelezo yakisema "Akakimbia, akachelewa, mkungu ukamponyoka", mwanya umezibwa, kwa kuwa -ka- kazi yake ni ileile ya kuunga tukio na tukio. Linalofaa ni umbo fupi la -a-, lile la vichwa vya habari: "Kivuko chaondoka." Linaonyesha tukio bila kulifunga kwenye lililotangulia. Hata hivyo -ka- ina nafasi yake pale maelezo yanaporuka muda usiochorwa: "Kukacha."

Kiputo kina sheria nyingine, kwa sababu ndani yake mtu anazungumza. "Kimeniacha!" ni sahihi, na "Dereva kaniacha!" pia, japo ka- hii ni ya mazungumzo na maana yake ni "ameniacha". Mwalimu asiisahihishe katika kiputo. Aikatae katika maelezo.

Sauti iliyochorwa kwa herufi kubwa ni mlio. Wafasiri wengi huacha mlio wa Kiingereza ulivyo, kwa kisingizio kwamba umeshikamana na mchoro, na hasara yake ni kubwa, maana tanakali za sauti za Kiswahili hutaja hata mahali kitu kilipoangukia. Majini ni chubwi! Mchangani ni tifu! Matopeni ni tapwi! Mzigo mzito ukibwagwa chini ni pu! Katika mchoro wa wino mweusi, ukingo wa ziwa na mchanga wa ufukwe huweza kufanana kabisa, na mlio mmoja humaliza shaka. Tanakali ikishachorwa, kitenzi chake hakihitajiki: "ukatumbukia chubwi" ni lugha ya msimulizi wa mdomo, si ya fremu.

Lipo pia tatizo la nafasi: kiputo ni chembamba, kitenzi cha Kiswahili ni kirefu. Neno likatwe kwa silabi, na ikiwezekana baada ya kiambishi cha njeo: hawata-/tusubiri, si hawat-/atusubiri. Konsonanti kama mb, nd na ng' hazitenganishwi: wanapa-/nda, si wanapan-/da.