Jinsi ya kuuliza hifadhidata swali lenye masharti mengi

HIFADHIDATA ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa katika majedwali, na kila mstari wa jedwali huitwa rekodi. Mfumo wa majedwali yanayohusiana ulipendekezwa mnamo 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM. Mnamo 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni iyo hiyo walieleza lugha ya kuihoji, ambayo baadaye ilikuja kuitwa SQL.

Swali lenye sharti moja halina utata. Tatizo huzuka masharti yanapokuwa mengi na majibu yake yametawanyika katika rekodi tofauti.

Tuchukue mfano wa sajili ya chanjo. Nchini Kenya, mtoto huchanjwa BCG ya kukinga kifua kikuu azaliwapo, kisha pentavalenti katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na chanjo ya surua na rubella afikishapo miezi 9. Kila dozi huandikwa katika mstari wake, pamoja na nambari ya mtoto. Ni watoto gani wamekamilisha dozi hizo tano?

Wengi huunganisha masharti kwa neno AND. Jibu huwa sufuri, kwa kuwa kompyuta hupima kila mstari peke yake, na mstari mmoja hauwezi kuwa na dozi mbili. Wengine hutumia OR, nao huletewa kila mtoto aliyepata japo dozi moja. Kosa hili la pili ndilo la hatari zaidi: sufuri humshtua muuguzi, ilhali orodha ndefu humridhisha, na mtoto asiyekingwa dhidi ya surua huhesabiwa kuwa salama.

Njia sahihi ni kuchagua mistari ya dozi zote tano, kuikusanya kwa kila mtoto, kisha kuhesabu:

SELECT mtoto FROM chanjo
WHERE dozi IN ('BCG', 'Penta 1', 'Penta 2', 'Penta 3', 'Surua 1')
GROUP BY mtoto
HAVING COUNT(DISTINCT dozi) = 5;

Neno DISTINCT lisiachwe. Bila hilo, mtoto ambaye BCG yake iliandikwa mara mbili kimakosa atafikisha tano hata kama hajapata ya surua.

Aidha, anayetafuta watoto ambao hawajakamilisha asianzie kwenye jedwali la chanjo. Mtoto ambaye hajawahi kufikishwa kliniki hana mstari wowote humo. Swali lianzie kwenye sajili ya watoto wote waliozaliwa, kisha waondolewe waliokamilisha. Watakaosalia ndio wa kufuatiliwa nyumbani.

Hatimaye, kabla ya kuiamini orodha, yafaa kuchagua majina machache na kuyalinganisha na vijitabu vya kliniki walivyo navyo akina mama.