Rubicone, Mto Uliobatizwa kwa Amri

Hadi mwaka 1933 mji mmoja wa Romagna, kaskazini mwa Italia, uliitwa Savignano di Romagna. Mwaka huo serikali ya Mussolini ikaamua kwamba kijito kipitacho hapo, Fiumicino, ndicho Rubicon ya Juliasi Kaizari. Kijito kikawa Rubicone, mji ukawa Savignano sul Rubicone, na Rimini ya jirani ikatunukiwa sanamu ya shaba ya Kaizari. Kesi ya karne nyingi ikafungwa bila hukumu.

Kisa chenyewe kinajulikana. Januari mwaka 49 KK Kaizari alitoka na Legioni ya 13 katika jimbo lake la Galia, akavuka Rubicon, mto wa mpaka, kuingia Italia, ambako hakuruhusiwa kuongoza jeshi. Liwalo na liwe. Ajabu ni kwamba alipoandika mwenyewe habari za vita hivyo, mto hakuutaja hata mara moja. Mbwembwe za ukingoni tumeletewa na Plutarch na Suetonius, walioandika zaidi ya karne moja baadaye. Mpaka wa Italia uliposogezwa hadi milima ya Alps, mto ukakosa kazi, na jina likafifia.

Wakabaki wadai watatu: Uso, Fiumicino na Pisciatello. Watetezi wa Fiumicino hushika ramani ya kale ya barabara za Kirumi, inayoiweka Rubicon maili 12 kutoka Rimini. Lakini maili hizo ni za barabara ya pwani, na karibu na bahari Pisciatello na Fiumicino leo ni mto mmoja. Ushahidi gani huo? Watu wa Cesena, mji wa upande wa Pisciatello, nao si malaika: walijivunia jiwe lenye katazo la Seneti kwa majeshi, kumbe la kughushi.

Hata hivyo, mimi niko na Pisciatello. Huko juu vilimani wenyeji waliuita Urgon, na katika Urgon nasikia Rubicon iliyolainishwa na vinywa vya wakulima. Nashuku kilichouponza ni jina la kitabuni, ambalo masikioni mwa Mwitaliano linanuka mkojo. Dikteta angelipeleka wapi?

Daraja la Kirumi la Savignano lililipuliwa na Wajerumani mwaka 1944, likajengwa upya baada ya vita. California nayo ina mto Rubicon, na kuna Jeep yenye jina hilo. Pisciatello ni Pisciatello bado.