Datsun 240Z

Datsun 240Z ni gari la michezo la milango miwili lililoundwa na kampuni ya Nissan ya Japani na kuzinduliwa mwaka 1969. Nyumbani liliitwa Fairlady Z. Lina injini ya petroli ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, nayo huzungusha magurudumu ya nyuma.

Marekani lilipendwa kwa bei yake nafuu, lakini sifa ya ugumu liliipatia Afrika Mashariki. Mbio za magari za Safari za wakati huo zilipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye vumbi, mawe na matope ya msimu wa masika. Gari lenye boneti ndefu na tumbo la chini halikuonekana la kufika mbali. Hata hivyo mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo, na Shekhar Mehta akafuata wa pili katika 240Z nyingine.

Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyehamia Kenya enzi za utawala wa Idi Amin nchini Uganda, alishinda mbio hizo kwa 240Z mwaka 1973 akiwa na msomaji ramani Lofty Drews. Ulikuwa ushindi mwembamba mno: alilingana alama za adhabu na Harry Källström, naye pia wa Datsun, akapewa taji kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Leo wakusanyaji huligombania. Mwaka 2020 moja la mwaka 1970 liliuzwa Marekani kwa dola 310,000.