Santuri za Kiswahili: Asili Yake na Utunzaji Wake

Aghalabu historia ya lugha yetu huandikwa kutokana na maandishi: tenzi, barua, magazeti na vitabu. Lakini iko hazina nyingine isiyoandikwa kwa wino, nayo ni santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari pamoja na wapigaji wenzake hadi Bombay, nchini India, akarekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert alituandikia wasifu wake, na kwa kitabu hicho twayajua maisha yake. Hata hivyo, jinsi alivyotamka maneno, mahali alipoivuta irabu na mahali alipopumua, kitabu hakiwezi kutusikilizisha. Siti alifariki mwaka 1950. Sauti yake tunaipata katika santuri, na katika nakala zilizotolewa humo.

Bara nayo ina santuri zake. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi mpiga gitaa kijana, Jean-Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili cha huko Katanga. Mwanafunzi akimsikiliza Siti, kisha akamsikiliza Mwenda, atatambua mara moja kwamba Kiswahili kina nyumba nyingi. Kwetu sisi tunaofundisha mbali na pwani, somo hilo halina badala. Nalo hupotea siku santuri inapovunjika.

Kabla hatujasema jinsi ya kuitunza santuri, yafaa tujue imefanywa kwa kitu gani. Santuri ya bapa ilibuniwa na Emile Berliner mwaka 1887. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, santuri nyingi zilifanywa kwa laki, yaani utomvu mgumu utolewao na wadudu wadogo wa India na nchi za jirani yake, ukachanganywa na unga wa mawe. Santuri hizo huzunguka mara 78 hivi kwa dakika. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 huchukua muda wa dakika tatu tu, na kwa hiyo wimbo mrefu ulilazimika kufupishwa au kugawanywa pande mbili. Mwalimu anayeshangaa kwa nini wimbo wa zamani umekatika ghafula, asimlaumu mtunzi: nafasi ilikwisha.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya vinaili, ambayo ni aina ya plastiki. Hiyo huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na upande wake mmoja hubeba dakika 20 na zaidi. Mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa santuri ndogo ya mizunguko 45. Santuri ndogo za namna hii ndizo zilizosambaza nyimbo za waimbaji wa Nairobi kama Fadhili William na Daudi Kabaka katika miaka ya 1960.

Basi, laki na vinaili ni vitu viwili mbalimbali, na kila kimoja kina adui yake. Laki ni ngumu lakini huvunjika kama kigae ikianguka. Tena huyeyuka katika spiriti. Fundi seremala hufanya hivyo makusudi anapotengeneza vanishi ya samani. Kwa hiyo mtu asafishaye santuri ya laki kwa spiriti huifuta sauti yenyewe. Vinaili haivunjiki upesi, lakini joto huipinda. Ikiachwa dirishani penye jua, au ndani ya gari lililofungwa mchana, hupindika isiweze kuchezwa tena. Mifuo yake, yaani vile vijia ambavyo sindano hupita, ni myembamba kuliko ile ya laki. Sindano ya chuma ya gramafoni ya zamani itaichimba na kuiharibu kwa mara moja.

Katika kuzihifadhi, kanuni ni chache. Santuri zote zisimamishwe wima kama vitabu, wala zisilazwe moja juu ya nyingine, kwa kuwa uzito wa zile za juu huzipinda au kuzivunja zile za chini. Zisiegemee upande; viwekwe vigawanyo vya mbao katika rafu. Rafu yenyewe iwe imara, maana santuri za inchi 12 zilizojaa mita moja zaweza kupita kilo 40. Isigusane na ukuta wenye unyevu, kwa sababu kuvu hula karatasi na hata laki, na mchwa hupenda majalada. Kila santuri iwe na bahasha safi ya ndani. Ishikwe kwa ukingo na kwa kibandiko cha katikati tu, kwani mafuta ya vidole hukamata vumbi.

Vumbi lipanguswe kwa brashi laini, kwa kufuata mzunguko wa mifuo. Uchafu ulioganda uondolewe kwa kitambaa laini kilichotiwa maji yaliyokenekwa kidogo, pasipo kulowesha kibandiko, kisha santuri ikaushwe mara moja. Santuri ya zamani isichezwe kila siku darasani: inakiliwe mara moja kwa mashine nzuri, wanafunzi wasikilize nakala, nayo asili ipumzike. Wala isitupwe baada ya kunakiliwa, kwa maana nakala hupotea, na mashine za kesho huenda zikatoa katika mifuo ile sauti iliyo bora zaidi.

Liko jambo moja la mwisho ambalo ni kazi ya mwalimu wa lugha hasa, wala si ya fundi. Tuwe na daftari la santuri. Humo tuandike jina la mwimbaji, jina la wimbo, kampuni, namba iliyo juu ya kibandiko, na lahaja iliyotumika. Kisha tuandike maneno ya wimbo kama yanavyosikika, pamoja na maana ya yale ambayo vijana hawayajui tena. Wazee wanaoweza kutufafanulia maneno hayo wangali wapo miongoni mwetu, lakini wanapungua. Santuri iliyotunzwa vyema yaweza kungoja, wao hawawezi.